Msanii Hana Mdomo

Sheria ya Meza ya Alhamisi ilikuwa fupi. Siku pakiti yako ya taroti, karata za kutabiria, inapohukumiwa, kazi yako ni kuzungusha kibuyu cha yerba, chai chungu ya kunywa kwa mrija, na mdomo wako umeuacha nyumbani. Ukitoa neno moja, hata la kueleza, hata la kujitetea, karata zinarudishwa kwenye kasha lake na shauri limekwisha. Na Meza haihukumu pakiti moja mara mbili.

Griselda Tonelli aliijua sheria hiyo miaka mingi kabla haijamfika. Kila Alhamisi saa kumi alasiri alikuwa akija kwenye baa ya klabu ya bocha, mchezo wa kurusha tufe, pale Rosario, akikaa kiti cha pembeni karibu na friji la bia, akiwatazama wachoraji wengine wakimimina maji ya moto na kuyamwaga mezani. Aliwahi kumwona mwanamume wa Santa Fe, ndevu hadi kifuani, akilia bila sauti, machozi yakidondokea kwenye majani ya yerba. Doña Perla akamwambia, "Angalia bwana, unatutilia chumvi." Watu wakacheka. Griselda naye alicheka.

Alhamisi hii kibuyu kilikuwa mikononi mwake.

Waamuzi walikuwa watatu. Mwenyekiti, doña Perla Iturralde, mkunga mstaafu, alikuwa na pakiti mia nane nyumbani kwake, nyingine hazijawahi kutolewa kwenye nailoni. Alizishika karata kama alivyowahi kushika watoto wachanga, kwa ustadi na bila mapenzi mengi. Tito Zabala, mtu mnene wa vicheko, alisomea watu karata uwanjani kila Jumapili, na pakiti isiyosema, hata ingechorwa na malaika, kwake ilikuwa karatasi. Wa tatu, don Amílcar Bevilacqua, alikuwa mfunga vitabu, mzee mpole mwenye sauti ya mtu anayeongea kando ya mgonjwa aliyelala. Huyo ndiye aliyemfundisha Griselda. Griselda alimwita mwalimu.

Mihuri ilikuwa miwili. Muhuri wa kabati ulisema pakiti hii inafaa kukusanywa na kutunzwa. Muhuri wa meza ulisema inafaa kusomewa mtu mwenye shida yake. Mchapishaji mmoja wa Buenos Aires, aliyechapa taroti za kubuni, zile za majoka na nguva na falme ambazo hazijawahi kuwepo, alitaka yote miwili. Ukimpelekea mmoja hajibu hata barua. Kwa hiyo jambo lilikuwa wazi. Griselda akipata mihuri miwili, karata zake zitatoka kwenda kwa watu asiowajua, katika miji asiyoijua. Akikosa mmoja, zitabaki pakiti moja ndani ya droo, na miaka sita imeliwa.

Kazi yake ya mchana ilikuwa kutengeneza meno ya bandia. Daktari alimletea alama ya kinywa kwenye plasta, naye akachonga jino na kulipaka rangi kwa brashi ya nywele tatu, akilifananisha na majirani zake: doa la kahawa hapa, ufa mdogo pale, njano ya miaka kwenye shina. Jino zuri, alisema, ni lile ambalo ulimi wa mwenyewe unalisahau. Jioni, kwa brashi zile zile, alichora taroti. Alizichora karata zenyewe, sabini na nane, juu ya karatasi nzito ya pamba, tabaka tano za vanishi, kingo za dhahabu. Hakukuwa na nakala. Dunia nzima ilikuwa na pakiti hiyo moja.

Ulikuwa ufalme wa mto. Malkia wa Vikombe alikuwa kambare kuanzia kiunoni, amevaa taji la magugu maji. Mnara ulikuwa ghala la nafaka lililoota mizizi, radi imeupasua na ngano inamwagika kama damu. Mpumbavu alikwenda ukingoni akifuatwa na mamba mdogo kama mbwa. Karata ya Mwezi peke yake ilimchukua mwezi mzima.

Mwanzoni karata ya vikombe sita ilikuwa na vikombe sita, vimesimama mstari, mtu akavihesabu kwa jicho moja. Don Amílcar alikuwa akija kwake kila Jumapili ya pili, anakula tambi na mchuzi, halafu anafuta mikono na kuzitazama kazi zake kwa kioo cha kukuzia. Jumapili moja aliziweka chini na kuhema.

"Mwanangu, hivi ni vyombo kwenye rafu ya duka. Vifiche."

"Nivifiche wapi, mwalimu?"

"Ndani ya mto. Kikombe kiwe kombe la konokono. Upanga uwe jani la tete. Mtu avitafute. Kizuri hakijitangazi."

"Na namba?"

"Namba ni za mabasi."

Griselda alizichora upya karata arobaini, zile za namba. Zilimla miaka miwili. Na kila alipomaliza moja, mwalimu aliipitia kwa kioo chake, na alipouona upanga wa tano ndani ya matete alicheka kwa furaha kama mtu aliyeokota pete. Siku Griselda alipomaliza ya arobaini, mwalimu alimchukua hadi nyumbani kwake na kumfungulia kabati ambalo, alisema, si kila mtu anafunguliwa. Ndani mlikuwa na pakiti kumi na moja, zote za mkono, zote za kubuni. Moja ilikuwa ya ndege wenye nyuso za watawa. Nyingine ya mji uliojengwa ndani ya nyangumi.

"Hizi hakuna mwingine anazo," don Amílcar alisema. "Kila moja ni ya pekee duniani."

Griselda alijisikia ameheshimiwa. Hakuuliza kwa nini zilibaki za pekee.

* * *

Doña Perla alitandika kitambaa cheupe na kuanza na kabati, kama ilivyo desturi. Alipima unene wa karata kwa kucha. Alinusa vanishi. Aliinua karata moja hadi dirishani kuona kama mwanga unapenya. Aligeuza migongo yote kumi kumi, akitafuta ile yenye alama ya kuitambulisha, akakosa.

"Mkono huu haujui haraka," alisema. "Tito, umeona magamba ya huyu kambare?"

"Nimeyaona. Nimepata njaa."

"Nasema kwa makini."

"Na mimi kwa makini. Nzuri. Ningeitundika ukutani." Tito alivuta yerba hadi mrija ukakoroma, akamrudishia Griselda kibuyu. "Tatizo ni kwamba mimi sisomi ukuta."

"Subiri zamu yako. Amílcar?"

Don Amílcar hakuwa amegusa karata hata moja. Mikono yake ilikuwa imelala mapajani. "Kabati, ndiyo," alisema polepole. "Kwa pande zote, ndiyo. Sijaona nzuri kuliko hii miaka ishirini."

Griselda alimimina maji, na kwa mara ya kwanza siku hiyo hakumwaga hata tone. Muhuri wa kwanza uligongwa kwenye karatasi.

Halafu ikaja meza.

Pakiti ya kusomea ni sharti ichangwe mara saba, kwa mikono ya msomaji, jinsi anavyochanga yake. Mikono ya Tito ilitoka kwenye sahani ya karanga. Aliikata pakiti katikati, akaingiza nusu hii ndani ya nusu ile, zikalia kama kuku anayepapatika. Griselda aliona chembe ya dhahabu ikiruka kutoka ukingoni na kutua kwenye kitambaa.

"Taratibu, Tito," don Amílcar alisema.

"Karata isiyotaka kuguswa ikakae kanisani."

"Taratibu, nakuomba."

Griselda alimtazama mwalimu kwa shukrani. Kila zilipolia, uso wa mzee ulikunjamana kana kwamba ni yeye anayekunjwa.

Swali nalo ni sharti liwe la kweli, la mtu asiye wa Meza. Doña Perla aliita jikoni, na Ramona mpishi akatoka, mwanamke mfupi mwenye unga wa mkate hadi kwenye viwiko.

"Haraka, doña Perla, nina nyama kwenye mafuta."

"Una swali au huna?"

Ramona aliifuta mikono kwenye aproni, akaendelea kuifuta hata ilipokwisha kuwa safi. "Nahuel wangu. Yuko Valencia mwaka wa nne. Tangu Pasaka hajapiga simu. Nataka kujua kama atarudi."

"Kata," Tito alisema, na sauti yake sasa haikuwa na mzaha. Ramona alikata. Tito akalaza karata tatu.

Ya kwanza ilikuwa Mpanda Farasi wa Fimbo, juu ya panya buku mkubwa kama ng'ombe, anaondoka na jua mgongoni. "Huyu ndiye yeye. Aliondoka kwa moto, hakutazama nyuma." Ramona aliitikia kwa kichwa. Ya pili Mwezi. "Hapa ndipo ulipo wewe. Hulali. Unasikia simu isiyolia." Ramona alijishika kifua. Ya tatu, ile ya yatakayokuja, Tito aliigeuza, akaiinamia.

Korongo alikuwa amesimama kwenye maji ya kina kifupi, asubuhi yenye ukungu, na kuzunguka miguu yake kulikuwa na magugu, mawe na makombe ya konokono. Ilikuwa nzuri sana. Tito alikisogeza kiti kuelekea dirishani.

"Vikombe," alisema. "Makombe ndiyo vikombe. Moja, mbili. Hili hapa tatu. Nne, tano." Alifuta kioo cha miwani. "Sita. Sita, mama! Vikombe sita ni mtoto anayerudi nyumbani kwa mama yake. Hakuna karata nyingine kwenye pakiti nzima inayosema hivyo waziwazi."

Uso wa Ramona ulifunguka, ukawa mdogo kwa miaka kumi. Alimshika Tito bega, akaacha vidole vya unga kwenye shati.

"Ngoja," alisema doña Perla, aliyekuwa ameinama upande wa pili. "Nyuma ya mguu."

"Mguu gani?"

"Wa korongo. Wa kushoto. Pale kwenye kivuli."

Tito alitazama. Aliitazama karata mpaka jikoni mafuta yakaanza kunuka.

"Saba," alisema.

"Saba ni nini?" Ramona aliuliza.

Vikombe saba ni moshi. Ni mtu anayejijengea ndoto na kuingia kukaa ndani yake. Tito, ambaye hakuwa mtu mkatili, alisema, "Saba ni kwamba unatamani sana, mama."

"Nilikuwa najua kwamba natamani. Ndiyo maana nimeuliza." Ramona alitoa mkono begani kwake. "Basi mkishamaliza kuhesabu mtaniita. Nyama inaungua."

Aliondoka. Griselda, amesimama na chupa ya maji ya moto, alimwona akipita mlango wa jikoni na kusimama nyuma yake, mgongo umegeukia ukutani, hafanyi kitu. Kombe la saba Griselda alilichora usiku wa kuamkia siku yake ya kuzaliwa. Alijivunia. Mwalimu alitumia dakika ishirini kulipata.

"Mimi nimemaliza," Tito alisema. "Sijawahi kumpa mtu mwana na kumnyang'anya kwa pumzi moja. Muhuri wa meza, hapana."

Doña Perla hakuwa na haraka. Aligonga kalamu kwenye meno. "Majina yapo chini ya karata kuu, hizo hazina shida. Hizi arobaini ndizo zimefichwa. Kanuni inaturuhusu kusema ndiyo kwa sharti. Aongeze namba pembeni, ndogo, kwa wino. Kazi ya wiki mbili. Mimi kwa sharti hilo nasema ndiyo."

Griselda alihesabu kura. Ndiyo moja, hapana moja. Iliyobaki ilikuwa kura ya mwalimu. Alijaza kibuyu, akahakikisha maji hayajachemka kupita kiasi, akampelekea kwa mikono miwili.

Don Amílcar alivuta, akafikiri, akavuta tena.

"Perla, nakuheshimu," alisema kwa sauti ile ya kando ya mgonjwa. "Lakini picha inayohitaji namba ili ijulikane ni maiti yenye kitambulisho kwenye kidole cha mguu. Jina limeandikwa vizuri. Halimfufui."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo hapana. Namwonea huruma, lakini meza ni meza. Ramona ana haki zake."

"Ajabu," doña Perla alisema, akiinua karata ya korongo. "Mkono kama huu, halafu upotoke hivi. Msanii hafanyi upuuzi huu peke yake. Kuna mtu alimshauri. Sijui ni nani."

Griselda alifungua mdomo. Doña Perla, bila kumtazama, aliinua kidole kimoja. Mdomo ukafungwa. Meno yake mwenyewe, ya kweli, yaliumana mpaka akayasikia masikioni.

"Mtu asiyesoma karata, bila shaka," don Amílcar alisema, na akamrudishia kibuyu.

Kwenye kibuyu cha yerba, anayetaka tena hurudisha kimya. Anayesema asante amemaliza. Tito alikunywa zamu yake ya mwisho na kusema, "Asante, dada." Hakumtazama machoni. Doña Perla alisema, "Asante, binti. Ulimimina vizuri." Wakachukua makoti yao, maana nje upepo wa kusini ulikuwa umeanza. Don Amílcar hakusema asante. Alibaki ameketi, na walipotoka wenzake alitia mkono mfukoni, akatoa glovu nyeupe za pamba, akazivaa kidole kwa kidole, ndipo kwa mara ya kwanza siku ile akazigusa karata. Alizikusanya. Ile chembe ya dhahabu aliiokota kwa ncha ya kipande cha karatasi na kuiweka ndani ya kasha.

Sasa Griselda aliruhusiwa kusema, na aliona kwamba maneno hayakuwa mengi.

"Wewe ndiye uliyeniambia nivifiche."

"Ndiyo."

"Miaka miwili, mwalimu."

"Na tazama zilivyotoka." Alisema kwa mapenzi ya kweli. "Uliniuliza kizuri ni kipi. Hukuniuliza kinachosomeka."

"Kabatini kwako. Wale wasanii kumi na mmoja. Wote walipita hapa Mezani?"

"Wote."

"Na wote uliwashauri?"

Don Amílcar alifikiri. Alikuwa mtu wa kujibu swali jinsi lilivyoulizwa. "Tisa. Wawili walikosea wenyewe."

Griselda alimimina maji kwenye kibuyu, akanywa yeye. Yerba ilikuwa imekwisha ladha.

"Ikichapwa," mzee alisema, "inakuwa elfu tano. Watu wanaichanga kama Tito, na vidole vya karanga. Baada ya miaka kumi iko kwenye kapu la mitumba. Mimi nakuwekea moja, haina vumbi, haina jua. Nipe. Nitakulipa utakacho."

"Sitaki kulipwa."

"Basi nipe bure, nitaipenda zaidi."

"Nipe wiki moja."

Alimtazama kwa wasiwasi. "Hutazichoma?"

"Umeniona mimi ni mtu wa kuchoma?"

"Hapana," don Amílcar alisema, akitulia. "Wewe si mtu wa namna hiyo."

* * *

Wiki ile Griselda aliliweka kasha kwenye droo ya karakana na hakulifungua. Alitengeneza meno. Siku ya Jumanne daktari mmoja alimpigia simu akicheka. Karani wa benki, yule aliyewekewa jino la mbele mwezi uliopita, alirudi kusafishwa, na daktari alipotaka kulikagua la bandia walishindwa kukubaliana ni lipi. Mwanamke alishika hili, daktari akashika lile. "Amekasirika, Griselda. Anasema hapati usingizi. Kutwa anayapapasa kwa ulimi. Anahisi yote ni ya uongo."

Griselda alikata simu, akakaa na brashi mkononi mpaka rangi ikamkaukia.

Alhamisi alifika saa kumi. Don Amílcar alikuwa amevaa tai. Doña Perla na Tito walikaa kama mashahidi, na Ramona alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani, akitazama kwa ubaridi. Mzee alivaa glovu zake na kuzihesabu karata mbili mbili, midomo ikitembea, kama anavyofanya kila mkusanyaji kabla hajapokea. Zilitimia sabini na nane. Akazihesabu tena. Sabini na nane.

"Zangu?" aliuliza.

"Zako, mwalimu. Mbele ya Meza."

Alifunga kasha, akaliweka kifuani, ndani ya koti. Hapo ndipo Griselda alipokaa chini, kwenye kiti ambacho msanii haruhusiwi kukalia.

"Moja si ya pakiti," alisema.

"Vipi?"

"Moja ni ya bandia. Nimeichora wiki hii. Ile ya kweli haipo tena."

Tito alianza kucheka, kisha akamtazama Griselda na kuacha. Don Amílcar alilitoa kasha kifuani.

"Ipi?"

"Unajua kazi yangu ya mchana ni nini."

"Griselda. Ipi?"

"Kizuri hakijitangazi," alisema. "Itafute."

Ukweli ni kwamba hakuwa amebadilisha hata moja. Zote sabini na nane zilikuwa zile zile, za miaka sita, na hakuna aliyejua hilo isipokuwa yeye. Doña Perla alivuta karatasi ya hukumu kutoka kwenye faili lake na kuisoma polepole.

"Pakiti yenye karata ya kigeni haina muhuri wa kabati," alisema. "Mpaka ijulikane ni ipi, naufuta. Unaelewa, binti? Huu ndio uliokuwa nao."

"Naelewa."

Kalamu ilipita juu ya muhuri. Kutoka mlango wa jikoni Ramona alisema, bila kuinua sauti, "Hesabu vizuri, don Amílcar. Angalia nyuma ya mguu."

* * *

Hakurudi tena kwenye baa ile. Habari zilimfikia. Mzee ameacha kufunga vitabu. Mzee amenunua taa ya daktari wa macho. Mzee alimpelekea doña Perla karata kumi, akazichukua zote kabla hajamaliza kuzitazama, akidai amezichanganya. Lile kabati la pakiti kumi na moja halifungui siku hizi, maana hata pakiti ya nyangumi ameanza kuishuku.

Mwezi wa Julai, asubuhi ya baridi, simu ya karakana ililia. Griselda alikuwa ameshika jino la chonge kwa koleo.

"Ni mimi," sauti ilisema, ile ile ya kando ya mgonjwa, ila sasa mgonjwa alikuwa mwenyewe. "Nimeukwangua Mwezi. Kona tu, vanishi. Chini yake kuna rangi ya zamani. Kwa hiyo si Mwezi."

Griselda aliweka koleo chini. Mwezi ulimchukua mwezi mzima. Alihisi mkwaruzo ule mahali fulani chini ya ubavu.

"Ghulamu wa Panga nimemkata ukingo, nione nyuzi za karatasi. Ni ile ile. Malkia nimemloweka. Nilidhani rangi mpya itaachia." Akapumua. "Imeachia, lakini zote huachia. Niambie hata jamii yake tu. Vikombe, panga, fimbo, sarafu. Nitaacha zilizobaki. Naapa. Kesho naanza korongo."

Maneno machache yangetosha. Hakuna ya bandia, mwalimu. Malkia alikuwa amekwenda, na Ghulamu, lakini zingebaki sabini na kitu, nzima, kwenye giza la kabati, hazina vumbi, hazina jua. Griselda alimwona korongo miguuni mwake mna maji na ukungu, na makombe saba aliyoyaficha vizuri. Alimwona pia Ramona nyuma ya mlango, hafanyi kitu.

Mzee alisubiri. Alisikika akivuta pumzi, kimya kimya, kama mtu anayerudisha kibuyu akitumaini kitajazwa tena.

"Asante, mwalimu," Griselda alisema, na akaweka simu chini, akarudi kwenye jino.